Mashine ya Hirsi Yaishiwa na Baridi

Ukiingia mtaa wa Bulla Pesa kutoka upande wa barabara kubwa, pale kona ambapo malori ya Marsabit hupunguza mwendo ili matanboi, wasaidizi wa madereva, waruke kununua sigara, kulikuwa na benchi pana la rangi ya samawati lililolazwa juu ya mapipa mawili ya oili. Lilikuwa benchi la ajabu kidogo. Upana wake ulizidi makalio ya wote waliolikalia, karibu na ukingo mmoja lilikuwa na tundu ambamo dalali mmoja aitwaye Guyo alichomeka ncha ya fimbo yake akitaka kupumzisha mkono, na ukingo wa pili ulikuwa na vipande vya chuma vilivyokwisha kuchana suruali za watu wa heshima. Nyuma ya benchi kulikuwa na baraza la nyumba ya Hirsi Dualeh, na ukutani hapo palitokeza matako ya mashine ya baridi, kiyoyozi kama wanavyosema watangazaji wa redio, yakinguruma mchana kutwa na kudondosha tone moja moja juu ya kofia ya yeyote aliyechelewa kuchagua mahali. Kando ya mashine, pazia la maua lilipepea nje ya chumba cha wageni kama bendera. Nyumba za mabati zilijaa Isiolo. Iliyokuwa na mashine ya baridi, katika mitaa yote ambayo watu wa kona ile waliijua, ilikuwa hiyo moja tu, na kama hukujua, ungekaa hapo muda wa kikombe kimoja cha kahawa ukajulishwa.

Mwenye kukujulisha alikuwa Hirsi mwenyewe, ndiyo maana watu walimwita Hirsi Baridi. Babu yake alikuwa askari, baba yake mwenye duka, naye alikuwa na lori lililokwenda Moyale likitaka. Hirsi hakuwa na kitu kisichokuwa na asili. Kiberiti chake kilitoka Aden, viatu vyake vilitoka Nairobi kwa fundi aliyewashonea mabalozi, na mashine ilitoka kwenye kambi ya mainjinia wa barabara, wazungu waliomaliza kazi wakauza kila walichoshindwa kubeba. Wenzake walinunua vitanda na majerikeni. Hirsi alinunua baridi.

Siku mashine ilipofungwa ukutani, Bulla Pesa nzima ilikuja kutazama. Watu walijaa chumbani mpaka waliokuwa ndani wakashindwa kutoka na waliokuwa nje wakalia kwamba wanaonewa. Hirsi akaamuru kila kinachozuia watu kuona kiondolewe, na kikaondolewa. Benchi la kona lilianza siku hiyo hiyo, maana waliosubiri zamu walihitaji pa kukaa. Wengine hawakuondoka tena.

Jioni ninayoisimulia ilikuwa ya mwezi wa tatu, mwaka wa themanini na sita, mvua ikiwa bado ni maneno ya redio. Sala ya alasiri ilikuwa imekwisha. Gumato, mama muuza kahawa, alikuwa amekaa kwenye kigoda chake na birika la kahawa ya tangawizi juu ya makaa. Guyo Meno, dalali wa ngamia, alikuwa upande wake wa tundu. Kiogora Redio, Mmeru muuza miraa, alikuwa upande wa chuma, ameshika redio ambayo betri zake zilikufa tangu Jumapili lakini hakuwa tayari kuonekana bila habari. Pazia likafunguka, na Hirsi akatoka amelowa jasho, kikoi kimemganda mapajani.

— Imekufa, alisema.

Guyo akaruka. — Nani? Mama mkwe?

— Astaghfirullah, Guyo! Mashine.

Wote watatu waligeuza shingo kuitazama. Mashine ilinguruma kama lori linalopanda mlima kwa gia ya kwanza, ikadondosha tone.

— Lakini si inaongea? alisema Kiogora.

— Inaongea. Ukiweka mkono mbele yake, unasikia baridi. Ukirudi hatua mbili mpaka kitandani, unaiva. Nimelala hapo tangu saa saba nikiijaribu. Nimetoka kama mtu amepikwa na mchuzi wake mwenyewe.

Gumato akainua macho kutoka kwenye makaa.

— Wewe umelala humo?

— Ndiyo.

— Mara ya kwanza?

Hirsi alijifanya anakamua ncha ya kikoi. Ukweli ni kwamba chumba kile kilikuwa cha wageni, na chumba cha wageni katika nyumba yenye adabu hakilaliwi na wenyewe. Godoro lilikuwa bado na nailoni ya dukani. Hirsi na mkewe Luul walilala uani juu ya mkeka, chini ya nyota, pamoja na Isiolo yote. Wageni walioletwa kuonyeshwa mashine waliketi pale, wakanywa chai, wakasema baridi kweli, kwa sababu utamwambia nini mtu ambaye bado umeshika kikombe chake? Aliyewahi kulala usiku mzima alikuwa mfanyabiashara mmoja wa Wajir, na huyo alikuja mwezi wa saba, wakati upepo unapomtetemesha hata ngamia. Hirsi alieneza habari kwamba ndevu za yule mtu ziliganda.

— Na mama mkwe anakuja leo, alisema Guyo polepole, akionja utamu wa jambo.

— Yuko njiani. Lori la Garba Tula. Saa yoyote.

Hapo hata Guyo hakucheka, maana kona yote ilijua habari ya mama mkwe. Mama Isnino, mamake Luul, siku ya harusi alimtazama Hirsi kuanzia kilemba mpaka viatu, akasema mbele ya wanawake wote: “Huyu kijana honi yake ni ya lori, lakini naona nyuma ni baiskeli.” Wanawake walicheka, na wengine walikuwa bado wanacheka. Hirsi alilibeba neno hilo miaka yote ya ndoa. Sasa magoti ya mama yalikuwa yanamsumbua, alikuwa anakuja kutibiwa, na joto la Garba Tula lilikuwa limemchosha. Hirsi alituma salamu kwa kila dereva: mwambieni mama kitanda chake kiko kwenye baridi, alete blanketi mbili. Hakutaka kingine duniani ila yule mama aamke asubuhi akitetemeka.

— Basi badilisha mashine, alisema Kiogora. — Kila mashine iko na wakati wake. Nilisikia kwa redio.

— Redio gani? Hiyo yako imekufa kabla ya mashine, alisema Gumato.

— Kabla haijakufa, ilisema. Sikiza, Hirsi. Hiyo kitu ilitengenezwa Ulaya, sivyo? Huko kuna baridi ya bure. Wakati wanaifunga, baridi inaingia ndani, wanafunga na screw. Ikija huku inatoa ile ile iliyokuja nayo, kidogo kidogo, kama tochi. Sasa akiba imekwisha. Imebaki ile ya juu juu, ya mkono.

Hirsi alisikia neno hilo likimwingia. Lilikuwa na maana, na zaidi ya maana, lilikuwa halimlaumu.

— Kwa hivyo?

— Kwa hivyo kuna njia mbili. Ununue mpya Nairobi, yenye baridi yake kamili. Ama hii uniachie mimi. Binamu yangu Timau iko na ghala ya viazi. Tunaiweka hapo, mdomo umeangalia mlima. Inalala wiki. Inavuta baridi ya Mlima Kenya mpaka inashiba. Hata ikirudi itakuwa na ukungu.

— Toka hapa na viazi vyako, alisema Guyo. — Kwanza lazima mtu aangalie mnyama.

Alichomoa fimbo kwenye tundu, akapanda barazani, akaizunguka mashine kama anavyomzunguka ngamia siku ya soko. Akaipapasa mbavu. Akaingiza kidole katikati ya vile vyuma vyembamba vya nyuma akavihesabu kama meno, akanusa kidole, akatikisa kichwa.

— Hii ni jike, alisema. — Na imezaa sana.

— Guyo!

— Nakwambia. Sikia anavyopumua. Ngamia akianza kupumua hivi, maziwa bado yako, lakini ya ndama tu. Ya mwenye nyumba hakuna. Ndiyo maana wewe mbele yake unapata, kitandani hupati. Sasa sikiza mimi. Mzee namna hii hubadilishi mara moja. Unaleta mchanga, unamfunga karibu yake msimu mmoja, ajifunze mahali, ajifunze sauti yako. Yule mchanga akishazoea, ndiyo unamtoa mzee.

— Unataka niweke mashine mbili ukutani?

— Mbili. Huyu mzee baadaye unauzia Wameru. Hawajui ngamia.

— Na nyinyi mnajua viazi? aliuliza Kiogora kwa uchungu.

Hirsi alianza kuona mashine mbili ukutani, na moyo wake, ambao dakika chache nyuma ulikuwa umelala chini, ukasimama. Mbili! Hata hospitali haikuwa na mbili. Akaona afadhali mpya iwe kubwa zaidi, ile inayotokeza mpaka barabarani, malori yalazimike kupiga honi na kuikwepa. Matanboi wangeuliza ni nini hicho, wangeambiwa. Habari ingefika Moyale kabla ya lori lake, maana lori lake lilikuwa linachelewa siku hizi.

— Mimi nadhani, alisema, na sauti ikaanza kurudi kwenye ukubwa wake wa kawaida, — mimi nadhani hiyo mashine haina kosa. Ni kazi imezidi. Fikiri. Ilitengenezwa ya mzungu mmoja na kitanda chake. Hapa imefanya nini? Imepoza mtaa! Nani hapa kwa benchi hajapozwa na mimi? Guyo, wewe mgongo wako ukikaa hapo si unasikia kaubaridi kutoka kwa pazia?

— Nasikia, Guyo alikubali. — Ndiyo maana sitokagi.

— Mbuzi wa jirani yetu Ado wanalala wapi mchana? Kwa Ado? Wanakuja hapa barazani, wanajipanga mbele ya pazia langu kama wako hoteli. Mbwa pia. Hata yule polisi wa trafiki anasimamisha malori hapa, badala ya kule kwa daraja. Unafikiri anapenda sura zenu? Baridi yangu inaenda mpaka kule kwa posho mill ya kusaga unga! Na mvua ya mwaka jana, ile watu walisema haiko na sababu...

— Hirsi, alisema Gumato. — Hapo kwa mvua, rudi nyuma.

— Nasema tu...

— Mvua ni ya Mungu. Chukua mbuzi, chukua polisi. Mvua uwache.

Hirsi akaiacha mvua, lakini kwa shingo upande.

— Haya basi, mama, wewe unasema nini? Nibadilishe ama nisibadilishe?

Gumato alimimina kahawa bila haraka, akakichunguza kikombe, akakipuliza.

— Mimi naona kitu cha kubadilisha kiko hapo, alisema. — Lakini si ile iko kwa ukuta.

Guyo na Kiogora walicheka mpaka benchi likatikisika juu ya mapipa yake, na chuma kikamkumbusha Kiogora kwamba kipo. Hirsi naye alicheka kidogo, kwa sababu mtu akichekwa mbele ya kahawa yake lazima achangie. Ndipo honi ikasikika mbali, upande wa njia ya Garba Tula. Kicheko kilimkauka mdomoni.

— Ni hao, alisema. — Walahi, ni hao. Sasa tunafanya nini?

— Timau haiwezekani sasa, alisema Kiogora.

— Ngamia mchanga pia hatupati saa hii, alisema Guyo. — Lakini kuna kitu. Kama maziwa ni kidogo, unamleta ndama karibu na mama. Usipeleke baridi kitandani. Peleka kitanda kwa baridi!

Kwa nini hakuna aliyewaza hivyo mapema, Hirsi hakujua. Waliingia wote watatu wakipita pazia mbio, wakashika kitanda cha mbao ya mvule, kilichotoka Lamu, alivyosema Hirsi hata hapo akiwa amekibeba, wakakisukuma mpaka mto ukawa chini ya mdomo wa mashine kabisa. Kiogora akajilaza ajaribu. Upande wa mbele mashine ilikuwa na tabia ya kutema maji kila ikikohoa. Ikakohoa. Kiogora akaruka akijifuta jicho.

— Iko baridi! alisema. — Lakini ni ya kunywa.

— Geuza mto! Weka miguu huku! alipiga kelele Hirsi. — Ni magoti yanamuuma, si kichwa!

Waligeuza mto. Waligeuza na shuka. Guyo akashauri walowanishe gunia walitundike dirishani, na kwa kuwa gunia halikupatikana, alichukua koti la Kiogora kabla mwenyewe hajasema ndiyo. Wakati wanatoka, wakigombea nafasi kwenye pazia, lori lilikuwa limesimama mbele ya benchi, na Mama Isnino alikuwa ameshushwa pamoja na vumbi lake, fimbo mkononi, anawatazama wanaume watatu wanaotoka chumbani kwake wakihema.

— Salaam aleikum, alisema.

— Waaleikum salaam, mama, walijibu wote, Kiogora pia, ambaye alikuwa Mmethodisti lakini hakuona wakati wa kueleza.

Luul akaja mbio kutoka uani, akamkumbatia mamake, akamwingiza ndani. Pazia likaanguka nyuma yao, likainuka tena, likapepea. Guyo na Kiogora wakarudi kukaa benchini, fimbo tunduni. Hirsi alisimama na sikio lake ukutani. Alisikia nailoni ya godoro ikilia. Alisikia mashine ikikohoa. Alisikia mamake Luul akiuliza jambo kwa Kisomali, na Luul akicheka kicheko cha kujizuia, kile ambacho Hirsi hakuwahi kukipenda.

Kisha akasikia mama akijilaza chali apime. Hirsi alimwomba Mungu ampe yule mama hata kupiga chafya moja.

Pazia likafunguka. Mama Isnino alitoka akijipepea kwa ncha ya shashi yake ya kichwani, jasho liking'aa usoni.

Guyo akasimama kwa heshima na kuichomoa fimbo. Kiogora akasimama akishika suruali. Benchi lote likabaki wazi, na mama akaketi katikati yake, akanyoosha magoti yake taratibu moja baada ya jingine. Gumato akammiminia kahawa, akiinamisha birika zaidi kuliko kawaida.

— Mama, alianza Hirsi, — usiione hivyo. Hiyo mashine...

Na yakamtoka yote. Akiba ya baridi ya Ulaya iliyokwisha. Ghala la viazi la Timau. Kiogora akaongeza mlima, Guyo akaongeza ngamia na ndama wake, Hirsi akaongeza mbuzi, polisi, na posho mill. Alisema ameshaamua, mpya inakuja, kubwa, pengine mbili, ya mzee na ya mchanga, zitazoeana. Alitaka tu mama avumilie siku chache uani, kwenye mkeka, ambapo kwa kweli kuna upepo mzuri sana.

Mama Isnino alisikiliza kama anavyosikiliza mtu aliyesafiri siku nzima juu ya magunia, yaani bila kukata maneno ya mtu. Mkono wake mmoja ulikuwa na kikombe. Ule mwingine ulikuwa unapapasa benchi, kama wafanyavyo wazee. Kidole chake kikafika kwenye tundu, kikaingia, kikatoka. Akasogea kidogo. Kiganja chake kikafika ukingo wa pili, kwenye vile vipande vya chuma, kikavifuata kimoja, halafu cha pili. Akaitazama rangi ya samawati. Akageuza kichwa, akalitazama pazia la maua likipepea nje, na nyuma ya pazia fremu tupu, nayo ya rangi ya samawati. Mbuzi mmoja wa Ado alikuwa amelala kizingitini, macho amefumba, upepo wa ndani ukimchezea ndevu.

Akanywa kahawa yake.

— Hirsi, mwanangu.

— Naam, mama.

— Hiki chumba umenipa, mlango wake uko wapi?

Guyo akaitazama ncha ya fimbo yake, akatazama tundu ilimokuwa ikiingia miaka yote hiyo, akaificha fimbo nyuma ya mgongo. Kiogora akaweka redio iliyokufa sikioni na kusikiliza kwa makini sana. Luul alikuwa amesimama barazani, ameziba mdomo kwa ncha ya shungi, na mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Hirsi akafungua kinywa. Kilikuwa kinywa kilichomjibu mkuu wa kituo cha polisi, kikawajibu mawakala wa Moyale, kikazigandisha ndevu za mtu wa Wajir. Kikabaki wazi hivyo hivyo, kama chumba chake cha wageni. Mwisho alinyoosha kikombe kwa Gumato, apate walau cha kumeza.

Gumato akaligeuza birika juu chini. Halikutoa hata tone.

— Kahawa imekwisha, alisema. — Na wewe, mama, ukimaliza hiyo yako, simama kidogo tumrudishie mwenye nyumba mlango wake.

Hirsi akaenda kutafuta bisibisi. Alirudi nayo baada ya muda, na kwa mara ya kwanza tangu kona ile imjue, hakumwambia mtu ilitoka wapi.